Mteja wa Kila Ijumaa

Ijumaa, 6 Machi

Mvua imeanza kwa fujo. Gundi haikauki, vitambaa vinanuka uvundo, na mdogo wangu wa kiume ameshinda akisukuma kochi la watu huku na huku karakanani kukwepa pale paa linapovuja.

Mchana alikuja mteja mgeni, mwanamke wa umri wangu, viatu vyeupe vya kazi alivyovifuta tope mlangoni kabla ya kuingia. Alileta kiti kimoja cha meza ya chakula. Nikamwuliza kama vipo vingine. Akasema vyote viko vinne, ila ataleta kimoja kimoja. Nikamshauri avilete pamoja, maana kitambaa cha leo na cha wiki ijayo huwa havilingani rangi. Akasema haidhuru.

Alipoondoka nikakigeuza kile kiti. Hakijachakaa hata kidogo. Kimepasuliwa kwa wembe, mstari umenyooka, na sponji ya ndani bado mpya. Mdogo wangu akasema labda ana mtoto mtundu. Mtoto mtundu hakati mstari ulionyooka.

Jumatatu, 9 Machi

Kiti kimekwisha. Mwenyewe hajatokea.

Ijumaa, 13 Machi

Amekuja na kiti cha pili. Wembe tena, mkono ule ule.

Leo hakuwa na haraka. Alikaa kwenye benchi akaanza kuuliza: nipo hapa tangu lini, nina watoto wangapi, asubuhi hufungua mimi au fundi wangu, tunaishi huko huko nyuma au tunatoka mbali. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayengoja mvua ipungue. Nikamjibu nusu nusu. Lakini binti yangu akaingia kutoka shule, akamwamkia, wakaanza kucheka habari za masomo, na mtoto akamwaga yote niliyoyabana.

Mgeni aliniangalia mimi zaidi ya alivyoangalia kiti. Alikuwa kama mtu anayetafuta bei iliyobandikwa mahali kwenye mwili wangu.

Alimwuliza mdogo wangu mkono wake wa kushoto ulipatwa na nini. Mdogo wangu hana jibu moja kwa swali hilo, huwa anatunga kulingana na mtu. Leo alisema, "Huu umestaafu mapema, mama. Mimi bado niko kazini." Mwanamke alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaushika mkono wenyewe, akabonyeza kidole kimoja kimoja, akamwelekeza namna ya kuunyoosha asubuhi kwa maji ya moto. Ndipo tukajua ni mkunga katika zahanati ya upande wa pili wa mji. Mdogo wangu ameshampa jina: Bi Kiti.

Yeye amempenda. Mimi simwamini, na sababu ninayo.

Baba wa binti yangu yuko gerezani. Siku aliyonishika shingo jikoni, mdogo wangu aliingia kati yetu. Kulikuwa na chuma cha dirisha kimelala pale, fundi alikuwa hajakifunga. Alimpiga nacho. Mkono wa mdogo wangu ulikwenda, na sikio moja. Hakimu alimpa miaka mingi, na mimi nikajifunza kulala upya. Sasa nasikia eti tabia yake huko ndani imekuwa nzuri, na huenda akatolewa mapema, masika yakiisha. Tangu nisikie hilo, kila mgeni anayeniuliza nafungua saa ngapi namtazama nyuma ya bega kuona nani amemtuma.

Jumatano, 18 Machi

Wifi yangu amepita. Ni dada yake yule bwana, na hatujagombana, tunasalimiana tu kama majirani wa zamani. Alikuja na habari iliyokuwa ikimwasha ulimi. Kaka yake amepata mtu. Mwanamke wa heshima, ana kazi yake, alikwenda gerezani na kikundi cha kuombea wafungwa, wakaonana, na sasa huenda kila Jumamosi bila kukosa. Wanataka kuoana. Wifi alisema Mungu hamtupi mja wake. Nikamwambia ni kweli.

Nikamwuliza huyo mtu anafanya kazi gani.

"Mkunga," akasema.

Nikaendelea kupigilia misumari. Niliharibu kiti cha mtu.

Ijumaa, 20 Machi

Asubuhi nilijikuta napiga pasi gauni la bluu. La nini, kazi yenyewe ya gundi na vumbi la sponji? Nikalivaa hivyo hivyo.

Amekuja na kiti cha tatu. Sikumwambia kitu. Nilitaka ajifungue mwenyewe, kwani si ndiyo kazi yake. Nikamtengea chai, nikamwuliza kama ana mume.

Akasema alikuwa naye. Mtu mpole ajabu, hajawahi kuinua sauti, wala kuinua macho. Unaweza kukata nywele zote asijue. Siku moja aliondoka, na yeye mwenyewe alikuja kugundua baadaye, kwa jinsi nyumba ilivyobaki vile vile. Tangu hapo anawaona wanaume zahanati tu, wamesimama mlangoni wanatazama saa wakati wake zao wanapiga kelele ndani.

"Lakini nimepata mtu sasa," akasema, na sauti ikashuka. "Anakumbuka viatu nilivyovaa mwezi uliopita. Ananiuliza nililala saa ngapi, nilikula nini, nani alinikera kazini. Watu wanamwogopa, dada. Kwangu mimi ni kama mtoto."

Nilikuwa na miaka ishirini nilipompata mtu huyo huyo. Mtaa mzima ulikuwa ukimpisha njia, na mimi nikipita naye nilijiona malkia. Raha ya mbwa mkali ni hiyo, kwamba anakubali kula mkononi mwako peke yako. Alikumbuka viatu vyangu pia. Baadaye akawa anataka kujua kwa nini nimevibadilisha.

Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni nikayameza na chai. Nilijiambia nanyamaza kwa sababu sijui kama ametumwa. Leo jioni sina hakika. Labda nilikuwa napenda kusikia anavyomtaja bila kulisema jina lake.

Jumamosi, 21 Machi

Nimeelewa. Wafungwa hutembelewa Jumamosi. Ijumaa anakuja kwangu ili kesho yake awe na cha kusimulia.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Nimebadilisha kufuli ya mlango wa nyuma.

Ijumaa, 27 Machi

Niandike kabla sijaanza kuyapamba.

Alikuja na kiti cha nne. Binti yangu alikuwa bado shule. Mdogo wangu alikuwa kwenye kona anang'oa pini kwenye kochi, amelibana kwa goti kama anavyofanya siku zote. Nilifunga mlango wa mbele, nikauweka ufunguo mfukoni, nikamwambia, "Vimekwisha viti. Wiki ijayo utakata nini, godoro?"

Hakukana. Alikaa chini taratibu, mkoba mapajani. Nikamwuliza nani amemtuma. Akasema hakuna. Akaapa. Akasema alikuja mara ya kwanza kwa sababu alitaka kumwona mwanamke aliyemfunga mume wake mwenyewe. Alitegemea kukuta jeuri fulani, mtu wa kucha ndefu na maneno makali. Akakuta mimi, pini mdomoni.

"Basi ungeishia pale," nikamwambia. "Mbona ulirudi?"

Akasema alirudi kwa sababu hakuona alichokuwa anakitafuta, na hilo lilimnyima usingizi. Alitaka nikosee mahali. Nikasirike, nimtukane mtu, nimpige mtoto, ili ajue kwamba yule anasema kweli.

Nikamwuliza ukweli wenyewe aliambiwa ni upi.

Akausema huku anatazama sakafu. Kwamba mimi na yule bwana tuligombana kama wanandoa wote wanavyogombana. Kwamba siku ile tuliingiliwa na mwizi, akampiga mwizi kwa kulinda nyumba yake, naye mwizi akaumia vibaya. Kwamba mimi nilisimama mahakamani nikamgeuka kwa sababu nilikuwa na mtu mwingine.

Nyuma yangu pini ziliacha kung'oka. Mdogo wangu alisimama, akapangusa mkono wake mzima kwenye suruali, akaja mpaka mbele yake.

"Bi Kiti," akasema, "huyo mwizi ni mimi."

Hakusema kwa hasira. Mdogo wangu hasira hana, Mungu alimpunja hapo. Alisema kama anayejitambulisha kwa mtu ambaye hawajawahi kuonana naye vizuri. Mkunga alimtazama usoni, akautazama ule mkono aliokuwa akiufundisha mazoezi wiki mbili zilizopita, akaweka kiganja mdomoni. Mdogo wangu akarudi kwenye kochi lake.

Nilimfungulia mlango. Hakuchukua kiti wala mwavuli. Alitembea kwenye mvua kama mtu aliyeambiwa kuna msiba lakini hakuambiwa ni wa nani.

Jumatatu, 30 Machi

Kimya. Mdogo wangu anasema nilikuwa mkali. Mimi nasema nilichelewa.

Ijumaa, 3 Aprili

Hakuja. Kila mlango ulipolia niliinua kichwa, nikajichukia kidogo.

Jumatano, 8 Aprili

Wifi alipita tena. Anasema mambo yametengemaa: mchumba alimkabili kaka Jumamosi ya juzi, akamwuliza yote, na kaka akakiri kila kitu, akalia mbele ya askari na wageni. Mchumba naye akalia. "Sasa wamependana zaidi," wifi akasema.

Machozi yale nayajua. Yalinirudisha nyumbani zaidi ya mara moja. Mwanaume anayelia baada ya kukuumiza hukufanya ujione wewe ndiye uliyeshika fimbo, na wewe ndiye wa kusamehe. Nilidhani ukweli ukisemwa utamwamsha yule mwanamke. Kumbe nimempa kazi. Hawezi kumwacha mtu anayetoka damu, amesomea kutowaacha.

Alhamisi, 9 Aprili

Binti yangu ameniuliza baba yake alikuwa akipenda rangi gani. Nikamwambia sikumbuki. Simu yake sasa anailaza kifudifudi.

Jumamosi, 11 Aprili

Binti yangu aliaga asubuhi kwamba anakwenda kusoma kwa rafiki yake. Saa sita mvua ikazidi, nikampigia nimwambie asitoke mpaka ipungue. Haipatikani. Nikampigia mama wa rafiki yake. Hawajamwona.

Nilijua papo hapo. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikaa kwenye benchi lile lile analokaa mkunga. Mdogo wangu alitaka kwenda huko gerezani kwa pikipiki. Nikamwambia hatamwona yule mtu tena kwa sababu yangu, hata kwa kioo katikati. Tukangoja. Ni kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya.

Alirudi saa tisa, amelowa, peke yake. Hakunidanganya. Alisema mkunga alimwambia kwa simu kwamba baba anaomba kumwona mara moja tu, amwombe radhi, na yeye akakubali kwa hiari yake.

"Nilitaka nimwone nikiwa mkubwa, mama. Kila nikimwota ananizidi urefu."

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikamfuta kichwa kwa taulo, nikamwuliza alimwonaje.

Akasema amezeeka, na ni mfupi. Alilia kwanza. Alisema maneno ya radhi, mazuri. Baadaye akatulia, akaanza kumwuliza habari za nyumbani kwa sauti laini sana. Bado mnalala kule nyuma ya karakana? Mjomba naye analala hapo hapo, au ana kwake? Asubuhi mama anafungua mwenyewe? Mlango wa nyuma bado ule wa mbao?

"Ukamjibu?"

"La kwanza nilimjibu. Halafu nikamwona Bi Kiti usoni."

Mkunga alikuwa amekaa kando ya mtoto. Alisimama ghafla, akasema muda umekwisha, na kengele ilikuwa haijapigwa. Alimshika mtoto mkono akamtoa nje. Alimteremsha kwenye kona yetu akaondoka.

Nimelala na binti yangu kitanda kimoja. Mdogo wangu ameweka godoro lake nyuma ya mlango wa mbao.

Jumatatu, 13 Aprili

Mkunga amekuja asubuhi, mapema, tukiwa hatujafungua. Siku mbili hizi nilikuwa nimepanga nitakachomwambia yule mwanamke kwa kumchukua mwanangu. Nilikuwa na maneno ya kumtoa ngozi. Nilipomwona kupitia upenyo wa dirisha, uso umemvimba, nikafungua. Alibaki amesimama.

Akasema anaomba kunieleza jambo moja na baada ya hapo naweza kumfukuza. Viti ilikuwa akili yake mwenyewe, na wembe pia, aliona aibu kuja mikono mitupu. Lakini alipomsimulia yule bwana kabla hajaja mara ya kwanza, alicheka, akamwambia apeleke kimoja kimoja, ndipo atapata kuzoeana nasi. Na kila Jumamosi alikuwa akimwuliza. Kidogo kidogo, kama mtu anayeulizia hali ya ndugu zake. Nani anafungua, nani analala wapi, mlango upi una kufuli.

"Nilimwambia yote, dada. Nilidhani anawakumbuka."

Kisha akasema kilichomfikisha kwangu. Juzi, yule bwana alimwuliza mtoto maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, wakati majibu alikwisha kuwa nayo.

"Alikuwa ananikagua mimi," akasema. "Anaona kama nilimwambia kweli. Na sauti ile, dada, ile anayoniulizia nililala saa ngapi, ni hiyo hiyo."

Nimetoka kwenye kumwogopa nikaingia kwenye kumdharau, na leo sikuona hata cha kudharau. Tulikuwa wanawake wawili tuliosikia sauti moja, kila mmoja akadhani ametungiwa yeye. Nikamwambia akae. Akakaa. Nikamwuliza sasa ataachana naye.

"Bado nampenda," akasema. "Najua unavyoniona. Nikiwa kule najua mahali nilipo. Jumapili mpaka Ijumaa ni kama chumba kisicho na mtu."

Mdogo wangu alimwuliza haogopi. Akasema anaogopa, na kwamba hofu yenyewe haimwambii aondoke. Inamwambia awe mwangalifu, awe mwema zaidi. Sikuweza kumcheka. Niliishi ndani ya maneno hayo miaka yangu ya ujana.

Ijumaa, 17 Aprili

Tumeamua kuhama. Binti atamalizia muhula wake huko huko tuendako. Wateja wawili wamelalamika.

Alhamisi, 23 Aprili

Wifi ametaka kujua mbona tunafunga mizigo. Nikamwambia paa linavuja. Alitazama juu kwa muda mrefu kama anayeliomba paa ushahidi.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimekwenda zahanati kumwona mkunga. Nilimwambia kitanda kipo, kazi za kuzalisha ziko kila mahali, aje nasi. Nilisema hivyo huku moyo mmoja ukiniuliza, ukishamchukua utalalaje, ukijua anamwambia kila kitu? Alinishika mkono, akanishukuru, akasema atafikiri. Macho yake yalikuwa kwenye kalenda ya ukutani. Wamempa yule bwana tarehe. Anatoka mwezi wa sita.

Jumamosi, 2 Mei

Tumepakia tangu alfajiri. Mvua imetupa nafasi, matone tu. Mdogo wangu alikuwa juu ya lori anafunga kamba kwa mkono mmoja na meno, anamwambia dereva kwamba nyumba ikianguka njiani isihesabiwe ni kosa lake. Binti yangu alikuwa ameshakaa mbele, magoti yamekumbatia cherehani.

Mkunga akatokea. Alikuwa amevaa vizuri, nywele zimetengenezwa, manukato. Hapakuwa na haja ya kumwuliza anakwenda wapi, leo ni Jumamosi. Alimpa mdogo wangu chupa ya mafuta ya kuchua mkono. Alimwomba binti yangu msamaha kupitia dirisha la lori, na mtoto akampa mkono.

Nikamvuta pembeni. Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo usiku kucha na nilikuwa nimekata shauri. Nikamwambia, ikifika siku umelazimika kukimbia, hata ukiwa na kanga moja, uje. Tunakokwenda ni...

Alinizibia mdomo kwa kiganja. Mkono wa mkunga una nguvu, na ulikuwa unanukia sabuni.

"Usiniambie mnahamia wapi," akasema. "Nikijua, nitamwambia. Si kwa ubaya, dada. Ataniuliza vizuri, na mimi nitamjibu."

Aliondoa kiganja polepole, kama anayehakikisha kwamba sitasema. Kisha akarekebisha mkoba begani, akaenda zake, akikwepa madimbwi.

Dereva alitaka kuwasha nikamwambia angoje. Nilisimama katikati ya barabara nikamfuata kwa macho mpaka kona, nikitaka kuona kama atageuka kutazama lori linaelekea upande gani.

Hakugeuka. Nikapanda, tukaondoka.